Damu Iliyoacha Njia Kuu: Shajara ya Kashata

Mgonjwa: Kashata, Maltese dume, miezi 11, kilo 2.8.
Makazi: Mikocheni, nyumba yenye uani wa mchanga.
Tatizo: mshipa aliozaliwa nao, ulio nje ya ini, unaochukua damu ya utumboni na kuimwaga kwenye mshipa mkubwa unaorudi moyoni bila kupita kwenye ini.
Mpango: kumtuliza kwa chakula na dawa kwa miezi minne, afike kilo 3, ndipo suala la upasuaji lijadiliwe akiwa na nguvu.
Wanaoandika ni wawili wa nyumbani na daktari wa mifugo anayemsimamia. Dozi zote humu ni za Kashata kwa uzito wake na zimepigiwa hesabu na daktari. Mbwa mwingine ana hesabu yake.

Siku ya 1, Februari

Jina la kitaalamu la mshipa huu ni refu na halikai mdomoni, kwa hiyo humu ndani tutauita mchepuko. Ndiyo, tunajua. Tangazo la kuwaonya wenye wapenzi wa pembeni lilisema "baki njia kuu", damu ya Kashata haikusikia.

Njia kuu yenyewe ni hii: damu inayotoka tumboni, kwenye utumbo na kwenye wengu hukusanyika katika veni moja nene inayoingia kwenye ini. Imebeba chakula kilichosagwa, na imebeba taka pia, kwa sababu bakteria wa utumbo mpana wakivunja protini na urea hutoa amonia. Ini lenye afya huikamata amonia hiyo na kuigeuza urea, kisha figo huitoa kwa mkojo. Kwa Kashata sehemu kubwa ya damu inakatiza pembeni. Amonia inafika kwenye ubongo ikiwa mbichi, na ini lenyewe, kwa kukosa damu yenye insulini na virutubisho, limedumaa.

Kwa hiyo ifahamike tangu leo kwamba chakula na dawa havilitibu ini. Mshipa upo na utabaki. Tunachokisimamia kila siku ni utumbo mpana: kinachoingia, kinachochacha humo, na muda kinaokaa kabla ya kutoka. Safu ya kinyesi kwenye daftari ndiyo itakayosomwa ya kwanza asubuhi, kabla ya safu ya uzito.

Dalili zilizomleta: anazubaa saa moja hadi tatu baada ya kula, anazunguka upande mmoja, anabandika paji la uso ukutani na kusimama hivyo dakika kadhaa, mate yanamtoka, anakunywa maji sana na kukojoa sana. Ndugu zake wa uzao mmoja wamemzidi karibu kilo nzima. Mbwa anayezunguka huku anatoa mate hutazamwa kwanza kama ana kichaa, na ni sawa kabisa kuanzia hapo: kadi ya chanjo itazamwe kabla ya mtu kumtia mkono mdomoni. Ya Kashata ipo na haijapitwa na wakati. Kinachotofautisha ni kuja na kuondoka. Kichaa cha mbwa hakipoi jioni kikarudi baada ya chakula cha asubuhi.

Siku ya 2 hadi ya 6: vipimo

Damu ya kawaida: urea 1.6 mmol/l, albumini 21 g/l, kolesteroli 2.4 mmol/l, zote chini. Sukari 3.7 mmol/l, ukingoni. Chembe nyekundu ni ndogo, MCV (wastani wa ukubwa wa chembe) 54 fl wakati mbwa wazima huwa 60 hadi 77. Kila kimoja peke yake hakina uzito, lakini vyote vitano kwa mbwa mdogo asiyekua vinaelekeza kwenye mchepuko. ALT (kimeng'enya cha ini) imepanda kidogo tu, na hapo ndipo wengi hupotea: ALT hupima seli za ini zinazovuja, haipimi kazi ya ini. Ini dogo lisilopata damu linaweza kuwa na ALT ya kupendeza.

Asidi za nyongo, ambazo ini lenye afya huziondoa kwenye damu: 62 kabla ya kula, 187 saa mbili baada ya kula (mikromoli kwa lita, maabara nyingi hutaka chini ya 25 baada ya kula). Mfungo ulikuwa wa usiku, saa nane tu, na sukari ilipimwa katikati, kwa sababu mbwa wa kilo mbili mwenye ini dogo akifunga saa kumi na mbili anaweza kuanguka kwa kukosa sukari. Pia kipimo hiki hakitoshi kwa Maltese. Uzao huu unajulikana kupandisha asidi za nyongo baada ya kula hata kwa mbwa wasio na mchepuko wowote. Kwa Yorkshire terrier 187 ingetutosha. Kwa Maltese ilibidi amonia iongezwe.

Na amonia ilitupotezea siku mbili. Sampuli ya kwanza ilitolewa Mikocheni, ikapelekwa maabara moja ya binadamu mjini kwa bajaji, ikakwama kwenye foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Dakika 70. Jibu: 312. Namba hiyo haina maana, kwa sababu damu ikikaa kwenye kichupa chembe nyekundu huendelea kutoa amonia zenyewe, na joto la Februari linaharakisha. Sampuli ya pili ilifanywa hivi, na ndivyo zitakavyofanywa zote:

Kichupa cha EDTA, kizuia damu kuganda (kifuniko cha zambarau), kinapozwa kabla kwenye maji yenye vipande vya barafu. Damu inajazwa mpaka juu, kifuniko kinafungwa mara moja. Inazungushwa kwenye mashine hapo hapo kliniki ndani ya dakika 15, plazma inanyonywa kwenye kichupa kingine, na ni plazma hiyo inayosafiri kwenye barafu. Damu ya mbwa mwingine mzima (asiye mgonjwa) inatolewa saa ile ile na kusafiri pamoja na ya Kashata. Namba ya mbwa mzima ikipanda, kosa ni la safari, na majibu yote mawili yanatupwa. Safari hii mzima alisoma 38, Kashata 164. Hiyo tunaiamini.

Altrasaundi: ini dogo, figo kubwa kuliko inavyostahili, mshipa uliopinda unaingia kwenye veni kubwa kabla ya ini, na punje za mchanga kwenye kibofu. Eksirei ilikuwa haioni kitu kwenye kibofu, na isingeona: mchanga wa urati (chumvi ya asidi ya yuriki) kwa kawaida haujitokezi kwenye eksirei.

Siku ya 7: chakula

Kosa la kwanza la watu wenye mbwa wa namna hii ni kumnyima protini kabisa. Mbwa anakula misuli yake, na misuli nayo ni msaidizi: inakamata amonia na kuigeuza glutamini. Ukiiyeyusha umejipunguzia askari. Tunataka protini ya kadiri, isagike vizuri na ikome kwenye utumbo mwembamba, bakteria wa chini wasikute kitu. Mayai na maziwa yaliyoganda yanafaa, na protini za mimea zinavumiliwa kuliko nyama nyekundu. Maini, figo, firigisi, dagaa na supu ya mifupa vimefutwa. Vina purini nyingi, ambayo mwilini huwa asidi ya yuriki, na kibofu tayari kina mchanga.

Chakula cha kopo au cha punje kilichotengenezwa kwa wagonjwa wa ini (Royal Canin Hepatic, Hill's l/d) ndicho kilicho kamili. Kikipatikana dukani bila kukatika kitumike. Hatutaki kumzoesha halafu rafu iwe tupu wiki tatu, kwa hiyo msingi ni wa jikoni.

Hesabu: nishati ya kupumzika ni 70 mara uzito kwa kipeo cha 0.75, yaani kama kilokalori 152. Mara 1.5 kwa sababu anatakiwa kunenepa: 228. Protini gramu 9 kwa siku.

Wali mweupe uliopikwa laini, gramu 85.
Yai la kuchemsha, gramu 30 (zaidi kidogo ya nusu yai, bichi hapana).
Mtindi usio na sukari, gramu 80.
Boga la kuchemsha, gramu 30.
Mafuta ya alizeti, gramu 2.
Unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, gramu 0.6, kwa ajili ya kalsiamu.
Maji ya uvuguvugu, mililita 60, yanachanganywa humo humo.

Jumla ni kilokalori 230 na protini gramu 9 na ushee. Mchanganyiko huu peke yake una upungufu wa zinki na vitamini kadhaa. Daktari ameongeza unga wa vitamini na madini usio na shaba, kwa sababu shaba hurundikana kwenye ini. Anayenakili mapishi bila unga huo anajenga tatizo jingine polepole.

Unagawanywa mara tano, gramu 45 hadi 60 kila mara: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Mlo mmoja mkubwa huleta wimbi moja kubwa la amonia. Ile ya saa 4 usiku isiachwe, ndiyo inayobeba sukari mpaka alfajiri.

Pumba za mahindi na unga wa lishe wa mchanganyiko haviingii kwenye bakuli. Mahindi na karanga zilizovunda hubeba sumukuvu, na sumukuvu hupiga ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ini la Kashata halina akiba ya kuchezea.

Siku ya 7 hadi ya 16: laktulosi

Laktulosi ni sukari ambayo mwili hauisagi. Inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaichachusha, mazingira yanakuwa ya asidi, na amonia kwenye asidi hubadilika kuwa amoniamu isiyoweza kupenya ukuta wa utumbo. Inabaki humo, inatoka na kinyesi. Pia inavuta maji na kuharakisha safari.

Sharubati ya duka la dawa ni ile ile ya binadamu, gramu 3.3 kwa mililita 5. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, kwa sirinji ya mililita 3.

Siku ya 7 hadi 9: mililita 0.7 mara tatu. Kinyesi mara moja kwa siku, kigumu. Tumbo linanguruma, gesi nyingi.
Siku ya 10 hadi 12: mililita 1.0. Mara mbili, kimeshika umbo.
Siku ya 13: mililita 1.4. Mara tano, maji matupu. Fizi zinanata, ngozi ya mgongoni ikivutwa inachelewa kurudi. Hii ni hatari kweli kweli: kuharisha kunaondoa maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka figo zenyewe zinaongeza amonia. Dawa inageuka kuwa ugonjwa. Dozi moja ikarukwa, maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo.
Siku ya 14 na kuendelea: mililita 1.1 mara tatu.

Kipimo tulichokubaliana wote watatu ili kusiwe na ubishi wa daftarini: mara mbili hadi tatu kwa siku, kama ugali wa mtoto, unashika umbo lakini hausimami. Kikisimama, ongeza mililita 0.1. Kikitandazika, punguza 0.1. Mabadiliko ni baada ya saa 48, si kila mlo.

La pembeni: sharubati hii ni asali kwa sisimizi. Usiku wa pili walifuata ndevu za mbwa mwenyewe akiwa amelala. Kidevu kinafutwa kwa kitambaa cha maji ya moto kila baada ya dozi, sirinji inachomolewa pampu na kuoshwa, vinginevyo mpira unanata na siku inayofuata unasukuma 1.1 zikatoka 2 kwa mshtuko. Chupa inakaa kabatini kwenye sahani yenye maji. Kugeuka rangi kidogo kwa joto si neno. Ikiwa nyeusi kama molasi itupwe.

Siku ya 21

Metronidazoli, antibiotiki ya kupunguza bakteria wa utumbo wanaotoa amonia, inaendelea tangu siku ya 7: mililita 0.5 ya sharubati ya mg 200 kwa mililita 5, yaani mg 20, mara mbili kwa siku. Dozi ni ndogo kuliko ya mbwa mwenye ini zima kwa makusudi, maana ini ndilo linaloivunja. Ikirundikana mbwa anayumba na macho yanachezacheza pembeni. Yaani inafanana na ugonjwa wenyewe, na mtu asiyejua ataongeza dawa. Kanuni: akiyumba huku kinyesi kiko sawa na hajala kitu kipya, metronidazoli inasimama kwanza.

Povu la mdomoni mara tu baada ya kuinywa ni uchungu wa dawa. Linaisha ndani ya dakika tano. Lisiandikwe kwenye safu ya dalili (limeandikwa mara tatu, tumefuta).

Siku ya 28

Metronidazoli imekwisha. Hakuna kuzunguka tangu siku ya 11. Kilo 2.85.

Siku ya 31

Mkojo wa asubuhi: pH 6.0, na chini ya hadubini fuwele za kahawia zenye miiba pande zote, kama mbigili. Hizo ni za amoniamu urati. Ini likishindwa kumaliza asidi ya yuriki na amonia ikawa nyingi, viwili hivyo vinakutana kwenye kibofu. Maji ya kuchanganya chakulani yamepandishwa kutoka mililita 60 hadi 110, anatolewa nje kukojoa mara sita badala ya nne. Lengo ni pH 7 au zaidi kidogo na mkojo usio mzito.

Ni dume, mrija wake ni mwembamba. Akichuchumaa au kuinua mguu bila kutoa kitu kwa zaidi ya saa chache, ni dharura ya usiku ule ule.

Siku ya 45

Umeme ulikatika kwa muda wa saa tisa. Wali na mtindi vimemwagwa. Sheria iliyoandikwa: chakula cha siku mbili tu kwenye friji, na kikikaa nje ya baridi zaidi ya saa nne hakiliwi.

Siku ya 53, masika

Saa 2 usiku: anazunguka kushoto, anagonga miguu ya meza kama asiyeona, mate. Saa 3: amelala ubavu, akiitwa anafungua macho tu. Sukari kwenye kipimio cha binadamu 3.9 (vipimio hivyo kwa damu ya mbwa husoma chini kidogo, kwa hiyo sukari si tatizo). Hakuna kitu cha mdomoni, hata laktulosi: mbwa asiyeweza kumeza ataivuta mapafuni.

Enema, kama daktari alivyotufundisha kwa mikono siku ya 8, naye akiwa kwenye simu: laktulosi sehemu 3, maji ya uvuguvugu sehemu 7. Kwa kilo 2.9, mililita 9 na mililita 21. Mrija laini wa mpira uliopakwa jeli, unaingizwa taratibu sentimita chache, kiuno kimeinuliwa kwa taulo lililokunjwa, dawa inasukumwa kwa dakika mbili, mkia unabanwa chini dakika 15 hadi 20. Kisha kliniki kwa dripu. Saa 7 usiku alikuwa amekaa.

Alichotoa baada ya enema kilikuwa cheusi na kinang'aa kama lami. Hapo ndipo tulipoacha kutafuta nani amempa nyama.

Siku ya 54

Hakuna aliyempa nyama. Daftari halina kosa: dozi zote, milo yote, kinyesi mara mbili jana. Ila ukisoma nyuma, tangu siku ya 49 kuna neno "cheusi kidogo" limeandikwa mara mbili na kupitwa.

Kinyesi kiliyeyushwa kwenye maji ya chumvi iliyokolea, kikaachwa dakika 15, kioo kikawekwa juu. Mayai ya safura yamejaa: mviringo mrefu, ganda jembamba, seli chache katikati. Damu: ujazo wa chembe nyekundu 29 kwa mia.

Hesabu inayoeleza usiku wa jana: mililita 100 za damu ya mbwa zina protini karibu gramu 18 hadi 20, ukijumlisha hemoglobini na ya plazma. Mililita 20 zikivuja utumboni kwa siku ni gramu 3.6 hadi 4. Mgao wake wote wa siku ni gramu 9. Minyoo ilikuwa inamlisha karibu nusu mgao wa ziada, tena wa damu, tena kwa ndani, ambako mizani ya jikoni haifiki. Unaweza kupima wali kwa gramu mwaka mzima na bado ukashindwa na mnyoo wa sentimita moja.

Matibabu: pairanteli, kwa sababu haifyonzwi sana na utumbo na hivyo ini halina kazi nayo. Sharubati ya mg 250 kwa mililita 5, mililita 0.3, mara moja, irudiwe siku ya 70. Lebo isomwe vizuri: namba iwe ya pairanteli yenyewe, si ya chumvi yake, vinginevyo dozi inapungua karibu mara tatu. Dawa ya kulinda tumbo siku saba. Laktulosi imepandishwa hadi 1.4 kwa siku nne tu, mpaka damu itoke yote, maji yakifuatiliwa.

Mlo: nusu kwa siku ya kwanza, kamili siku ya tatu.

Siku ya 56

Uani. Mabuu ya safura yanaishi kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, na hupenya ngozi ya miguu. Yale ya mbwa huchora mistari inayowasha kwenye miguu ya watoto. Tangu masika yaanze mchanga wetu haujakauka. Sasa: kinyesi kinazolewa kila siku, matawi ya mwarobaini yaliyoziba jua yamepunguzwa, sehemu yake ya kukojolea imehamishiwa kwenye saruji inayopigwa jua na kumwagiwa maji ya moto. Kinyesi kinapimwa kwa hadubini kila mwezi mpaka masika yaishe, kisha kila miezi mitatu.

Safu mpya daftarini: rangi. Si "kawaida", bali kahawia, kijani, njano, nyekundu, lami. Lami mara moja tu ni simu kwa daktari siku hiyo hiyo.

Siku ya 70

Pairanteli ya pili. Mayai hayapo. Ujazo wa chembe nyekundu 37. Laktulosi 1.1.

Siku ya 83

Kupe wawili nyuma ya sikio. Vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini (afoxolaner, fluralaner na ndugu zao) vinafanya kazi nzuri mno kwa mbwa wengine, lakini FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari mwaka 2018 kwamba vinaweza kuleta degedege kwa baadhi. Mbwa ambaye ubongo wake tayari unakaa ukingoni hatumjaribii. Badala yake ni fipronili ya kudondoshea shingoni, na kibano kila jioni. Kupe akivutwa anashikwa karibu na ngozi, ananyooshwa juu, hakamuliwi tumbo.

Siku ya 97

Wageni wa sikukuu. Mmoja alimpa kipande cha maini cha ukubwa wa kidole gumba. Yai la siku hiyo liliondolewa, dozi ya laktulosi ikawahishwa kwa saa mbili, akaangaliwa mpaka alfajiri. Hakuna kilichotokea. Bahati, wala si ushahidi kwamba maini yanavumilika.

Kwenye friji sasa kuna karatasi: "Shikamooni wakubwa, hamjambo watoto. Kashata hali nyama, maini, dagaa, mifupa wala pipi. Akiwaangalia sana, mpeni kipande cha boga kilicho kwenye bakuli la bluu. Panado na dawa yoyote ya maumivu ya binadamu, hapana kabisa." Karatasi inasaidia kuliko maelezo, kwa sababu mgeni anaona haya kuuliza mara mbili.

Zailitoli nayo iliongezwa chini kwa kalamu nyekundu. Ni utamu wa kwenye bazoka zisizo na sukari na baadhi ya dawa za maji. Kwa mbwa hushusha sukari na kuua ini. Kila sharubati mpya inasomwa viambato kabla ya kufunguliwa.

Siku ya 112

Vipimo vya miezi minne, kwa utaratibu ule wa barafu na mbwa mzima wa kulinganisha. Amonia 71 (mzima 35). Albumini 24. Urea 1.9, bado chini, na itabaki chini kwa sababu ini bado halipati malighafi. Sukari 4.6. Mkojo pH 7.0, fuwele chache. Uzito kilo 3.05.

Asidi za nyongo hazikupimwa. Hazishuki kwa chakula na laktulosi, kwa sababu damu bado inapita mchepuko. Kuzirudia ni kulipia namba tunayoijua na kumtoboa mbwa bure.

Siku ya 118, Juni: upasuaji

Kikao cha watatu. Kwa mshipa mmoja ulio nje ya ini, upasuaji ndio unaogusa chanzo. Hauzibwi ghafla: ini lililozoea kijito haliwezi kupokea mto kwa siku moja, shinikizo linapanda na mbwa anaweza kufa mezani au siku ya pili. Ndiyo maana hutumika pete ya ameroidi, kasini iliyozungushiwa chuma cha pua, ambayo hunyonya maji ya mwili na kuvimba ikiufunga mshipa kwa wiki kadhaa. Au ukanda wa selofani, unaoleta kovu linalobana polepole. Kabla ya yote hayo CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) yenye rangi inatakiwa, ijulikane mshipa unaanzia na kuishia wapi.

Anayefikiria kumpeleka nje, kwa mfano hospitali ya mifugo ya Onderstepoort, Afrika Kusini, aanze na makaratasi: chanjo ya kichaa, kibali cha kuingiza na vipimo vya damu vina ratiba yake, haviendi mbio kwa sababu mbwa ni mgonjwa. Kwa Kashata daktari ameshaandika rufaa.

Hatari inayozungumzwa kidogo ni degedege baada ya upasuaji, hata amonia ikiwa nzuri. Daktari amepanga levetirasetamu, dawa ya kuzuia degedege, mg 20 kwa kilo, yaani mg 60, mililita 0.6 ya dawa ya maji ya mg 100 kwa mililita, kila saa nane, kuanzia kabla ya kisu. Haijali sana ini kwa kuwa sehemu kubwa inatokea kwa figo. Fenobabitali na dawa za usingizi zinazotegemea ini zimewekwa kando. Kuhasiwa kunangoja siku hiyo hiyo, asilazwe mara mbili.

Mpaka rufaa ijibiwe, hakuna kinachobadilika: milo mitano, laktulosi 1.1, rangi ya kinyesi. Sirinji mbili zimechakaa, namba zimefutika, zinunuliwe kesho. Sampuli ya amonia kabla ya CT ni Jumatano saa 2 asubuhi, barafu igandishwe Jumanne usiku, na mbwa wa jirani wa kulinganisha aombwe mapema, maana safari iliyopita alikuwa ameshakula.